Sura ya Sita: Miguu ya Bagula

Sufuria iliyowekwa mezani asubuhi ile ya mwaka mpya ilikuwa ile kubwa, ya bugali ya watu ishirini, ambayo Mama Nabintu huishusha tu kukiwa na harusi. Ndani yake hamkuwa na kitu. Alliance aliichungulia, akamtazama mama yake, akaikaza simu yake mkononi kabla hajaambiwa lolote.

“Bon,” alisema Mama Nabintu, akikaza kitenge alichotoka nacho kanisani. “Kila mutu aweke simu yake humu.”

Josiane, mdogo wake Alliance, mwenye miaka kumi na mitano na ulimi wa miaka arobaini, alijibu kwa Kiingereza kwamba mama bila shaka anatania.

“Nitanie na nani? Siku ya Noeli nilipika sombe, nikapika samaki, nikapika kuku wawili. Nikaungua mkono, nikapiga kelele. Hakuna mutu aliinua kichwa. Papa yenu alikuwa anaangalia mupira. Weye Josiane ulikuwa unachekea kioo. Na dada yako alikuwa kwenye kona, anaongea polepole na ile simu kama mutu anabembeleza mutoto. Nikasema, mwaka huu tutauanza tukiwa watu. Siku saba. Simu, tableti, televizyo, vyote.”

Papa Nshombo alikuwa wa kwanza kuweka yake, na aliiweka kwa uso wa mtu anayetoa sadaka mbele ya kanisa zima. Hapo ndipo Alliance aliposhuku. Papa Nshombo, ambaye akitoka kiwandani kwake kule Lackawanna huvua kiatu kimoja, akatazama mpira nusu saa, ndipo avue cha pili, leo amekuwa mwepesi namna hii wa kuacha simu? Na mbona baada ya kuiweka hakuutazama uso wa mtu yeyote, ila mkono wa Alliance tu?

Katika mkono ule kulikuwa na Bagula.

Yaani kulikuwa na simu, lakini kwa miezi saba simu na Bagula vilikuwa kitu kimoja. Walikutana Juni, Columbus, kwenye harusi ya mtoto wa Shangazi Emérence. Bagula alikuwa ametoka Louisville kuja kubeba spika za muziki, akaishia kucheza, na alicheza vibaya kwa moyo wake wote, akimwangalia Alliance kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Walizungumza saa tatu nje ya ukumbi. Kisha yeye akarudi Louisville kwenye ghala lake la vifurushi, Alliance akarudi Buffalo kwenye kazi yake ya kutunza wazee, na tangu siku ile kila jioni saa moja simu ililia.

Papa Nshombo hakumpenda. Si kwamba alimjua. Alikuwa na neno lake moja, na alilirudia kila mara kichwa cha Bagula kilipotokea kwenye kioo kumwamkia.

“Huyu ni kijana wa kichwa na kifua. Miezi saba namuonaka, sijaonaka miguu yake. Mutu ambaye sijaona miguu yake, nitajua namna gani ataenda wapi?”

Na jana, siku ya mwisho ya mwaka, kichwa kile kilikuwa kimeuliza jambo zito. “Alliance, nitume wazee wangu waje kwenu?”

Moyo wa Alliance ulisema ndiyo kabla swali halijaisha. Lakini mdomo una maringo yake. Aliona kwamba mwanamke aliyengoja miezi saba hawezi kujibu kwa sekunde saba, watu wangedhani alikuwa amekaa mlangoni na mkoba begani. Akacheka, akasema, “Nitakujibu kesho, saa moja.”

Sasa kesho ilikuwa imefika, na ilikuwa na sufuria.

“Mama, unipe dakika tano tu.”

“Dakika zako tano nazijua. Zinazaaga.”

“Nitume neno moja. Moja tu.”

“Utalituma tarehe nane. Neno haliozi.”

Simu ikaingia. Mama Nabintu akafunika sufuria, akaifunga kwa kitenge mafundo mawili, akaipandisha juu ya kabati chumbani kwake. Mlango wa chumba haukuwa na ufunguo, lakini mafundo ya Mama Nabintu yalijulikana kuanzia kambi ya wakimbizi.

Saa moja jioni ilipofika, mkono wa Alliance ulienda mfukoni wenyewe. Ukakuta tishu na pipi ya kikohozi. Alifikiria kuomba simu kwa jirani, akagundua aibu ya zama hizi, kwamba namba ya mwanaume anayempenda hakuijua. Ilianza na tano, sifuri, mbili, kama namba nyingi tu za Louisville. Baada ya hapo, giza.

* * *

Ijumaa theluji ilishuka kana kwamba ina deni na mtaa wao. Magari yote pembeni ya barabara ya Bailey yakawa vichuguu vyeupe. Kiwanda cha papa kilikuwa kimefungwa hadi Jumatatu, na Alliance alikuwa na mapumziko ya siku nne kwa kuwa alifanya kazi Noeli nzima. Hita ilipuliza joto sebuleni tu, kwa hiyo Mama Nabintu aliamuru makochi yasukumwe ukutani, magodoro yote yaletwe yatandikwe chini, na watu wote wakae pamoja.

Ajabu ni kwamba ilikuwa raha. Hata Josiane, aliyeanza asubuhi akitembea kama mgonjwa, kufikia saa nne alikuwa amemshinda papa karata mara tatu na kumwambia, kwa Kiswahili safi, aende akajifunze kwa watoto. Mama alicheka hadi akalala ubavu. Alliance naye alicheka, kisha akakumbuka, kicheko kikakatika.

“Papa, tuambie namna ulimpata mama,” alisema Josiane.

“Nilitembea,” alijibu Papa Nshombo.

“Ni hiyo tu?”

“Unafikiri ni kidogo? Kule kwetu, kutoka Kaziba mpaka Nyangezi, siku nzima, mvua ya kutoka asubuhi. Nilifika ku nyumba yao, matope mpaka ku magoti, kiatu kimoja kimebaki njiani. Babu yenu hakuniuliza jina. Aliangalia miguu yangu, akaiangalia tena, halafu akaita ndani, ‘Nabintu, leta maji.’”

“Nikaleta,” alisema Mama Nabintu. “Na maji yakawa meusi. Nikasema, huyu mutu ni shamba.”

“Lakini uliniosha.”

“Nilitaka kuona kama chini kuna mutu.”

Walicheka wote. Alliance alingoja kicheko kitulie, akasogea karibu na papa kwenye godoro.

“Papa, sema ukweli. Hii siku saba, ulikubali juu ya Bagula?”

Papa Nshombo alipanga karata zake, akazipangua. “Mama yako alikuwa na sababu yake. Mimi nilikuwa na yangu.”

“Aliniuliza kitu. Nilimwambia nitamjibu jana. Sasa anafikiri nimekataa.”

“Kama anafikiri hivyo, atakuja kuuliza.”

“Kutoka Louisville?”

“Mimi nilitoka Kaziba.”

“Papa, ni saa kenda za gari. Na theluji.”

“Donc ana gari,” alisema Papa Nshombo. “Mimi sikuwa nayo.”

Alliance aligeuza uso dirishani asionekane macho. Ndipo akamwona Mama Mirindi, jirani yao wa nyumba ya tatu, amesimama nje kwenye theluji, ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Mama Mirindi alitazama makochi yaliyosukumwa ukutani. Akatazama magodoro chini. Akamtazama Alliance aliyekuwa anafuta jicho. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili, akageuka, akaenda zake mbio, kwa kadiri mwanamke wa kilo zile anavyoweza kukimbia kwenye barafu.

“Ni Mirindi yule?” aliuliza Mama Nabintu. “Juu ya nini hajaingia?”

“Ameona watu hawana televizyo,” alisema Papa Nshombo. “Ameogopa.”

* * *

Jumamosi, yapata saa tano asubuhi, Alliance alishindwa.

Mama alikuwa jikoni, papa bafuni ananyoa ndevu. Alliance aliingia chumbani kwao, akavuta kiti, akapanda. Vidole vyake vilifika kwenye kitenge. Siku mbili za ukimya zilikuwa zimemwonyesha Bagula akikunja uso, Bagula akisema basi, Bagula akicheza vibaya mbele ya msichana mwingine. Akavuta fundo la kwanza. Likakubali. Akashika la pili.

Nje, mtu akapiga yowe.

Halikuwa yowe la kuteleza kwenye barafu. Lilikuwa lile refu, lenye kupanda na kushuka, linalojulikana na kila aliyewahi kufiwa kuanzia Bukavu hadi Buffalo. “Yooo, Nshombo wee, kaka yangu wee, umeniacha na nani mimi.”

Alliance aliganda juu ya kiti. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Shangazi Emérence, dada yake papa, ambaye kwa hesabu zote za kawaida alipaswa kuwa Columbus.

Papa Nshombo alifungua mlango wa mbele akiwa na povu shavuni na kiwembe mkononi. “Emérence, ni nini?”

Shangazi alimwona, akaruka nyuma, akaketi kwenye theluji na kitenge chake cha msiba kiunoni. Nyuma yake walisimama Mama Mirindi na wanawake sita wa kanisani, wenye masufuria, mifuko ya unga na nyuso za kilio. Wote walimtazama marehemu mwenye povu.

“Weye si umekufa?” aliuliza Shangazi Emérence.

“Nimekufa lini?”

“Basi ni wifi. Yooo, Nabintu wee.”

Mama Nabintu alitokea jikoni na mwiko. “Nani ananililia?”

Josiane naye akachungulia chini ya mkono wa mama, akauliza kwa Kiingereza hao watu wote wanataka nini. Waombolezaji wakahesabu. Baba yupo. Mama yupo. Mdogo yupo.

Alliance alikuwa amefika sebuleni, lakini mgongo mpana wa papa ulimziba. Kupitia nafasi ndogo chini ya kwapa la papa aliona gari dogo jekundu limeegeshwa upande, milango wazi. Kando ya gari alisimama mwanaume mrefu asiye na kofia. Alikuwa Bagula. Macho yake yalitoka kwa papa, yakaenda kwa mama, yakaenda kwa Josiane, na hapo yakakosa pa kwenda. Alliance aliona kabisa yule mtu akimaliza hesabu na kubakiwa na mmoja.

“Papa, pisha,” alisema, akapita.

Bagula alipomwona, alishuka taratibu akaketi chini, pale pale kwenye theluji, mikono juu ya kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Wanawake wa kanisani walimtazama kwa kuridhika kidogo, maana angalau mmoja analia.

Alliance alimwendea bila koti. “Bagula, umefuata nini huku?”

“Kuzika,” alisema Bagula.

“Kuzika nani?”

“Hawakuniambia. Shangazi yako aliniita ku simu jana, akasema kuna msiba kwenu, nilete gari tupande. Nikauliza ni nani, akasema hajui. Kutoka Louisville mpaka Columbus sikujua. Kutoka Columbus mpaka hapa sikujua, na huyu mama alikuwa analia tu.” Akapangusa uso kwa mkono wa shati. “Juzi nilikuita mara thelathini. Nilifikiri umenikataa. Niliona vibaya sana. Halafu kuanzia jana nikawa naomba, Mungu, na iwe amenikataa. Anikatae tu, akiwa muzima.”

Alliance alinyoosha mkono akamtoa theluji kwenye nywele, akaendelea kuitoa hata ilipokwisha.

“Sasa uko muzima,” alisema Bagula.

“Niko muzima.”

“Basi ile sala naiondoa.”

Mlangoni kesi ilikuwa inaendelea. Mama Mirindi alikuwa anaapa. “Niliona kwa macho yangu. Makochi ku ukuta. Magodoro chini. Watu wamekaa chini mchana, televizyo imezimwa, mutoto analia. Kwetu hiyo ni nini kama si msiba?”

“Ungepiga hodi,” alisema Mama Nabintu.

“Mikono mitupu? Nani anaingiaka kwenye msiba na mikono mitupu? Nilienda kutafuta unga. Nikaita simu zenu zote, hakuna hata moja. Nikaita Emérence.”

“Na mimi nikasema wasiingie mpaka dada ya marehemu afike,” alisema Shangazi Emérence, akikung’uta theluji makalioni. “Simu ziko wapi?”

Papa Nshombo alipangusa povu. Josiane, ambaye alikuwa anangoja nafasi hii kwa siku tatu, alisema kwa Kiswahili cha kueleweka na kila mtu, “Mama amezifunga kwenye sufuria.”

“Kwenye sufuria,” alirudia Shangazi Emérence polepole. “Wifi. Mimi nimelia kutoka Columbus mpaka hapa. Nimelia kwenye kituo cha mafuta, mzungu akanipa leso. Hayo machozi nani atanirudishia?”

“Yaweke,” alisema Mama Nabintu. “Siku nitakufa, usiniongezee.”

Mwanamke mmoja wa kanisani alicheka puani. Akafuata wa pili. Kisha baraza zima likacheka, masufuria yakagongana, na Mama Mirindi akacheka kuliko wote ili isionekane ni yeye aliyeanzisha.

Papa Nshombo pekee hakucheka. Alikuwa ameshuka ngazi, amesimama mbele ya Bagula, na macho yake yalikuwa chini.

Bagula alikuwa amevaa soksi na kandambili. Kandambili za bluu, za bafuni, moja imekatika kamba ikafungwa kwa utepe wa kubandikia vifurushi. Soksi zilikuwa zimelowa zikashika barafu.

“Kijana,” alisema Papa Nshombo, “hivi ndivyo munavalia Louisville?”

Bagula alisimama haraka, akatazama miguu yake kama mtu aliyekutana nayo sasa hivi. “Shikamoo, mzee. Hapana. Shangazi aliponiita nilikuwa natoka kuoga. Niliingia kwenye gari.”

“Saa kenda hukuona?”

“Kumi na mbili, mzee. Barabara ilifungwa, nikashuka kusukuma gari. Niliisikia miguu Cleveland. Halafu nikaacha kuisikia.”

Papa Nshombo aliitazama miguu ile. Akaitazama tena. Ilikuwa miguu mirefu, mikubwa, isiyo na uzuri wowote, na Alliance alijua kwamba maisha yake yote yaliyobaki yamesimama juu yake. Papa aligeuka taratibu kuelekea nyumbani, akapaza sauti kana kwamba yule anayemwita yuko ndani, na si hapo kando yake akitetemeka bila koti.

“Alliance. Leta maji.”

Mama Nabintu alishusha mwiko.

Alliance alikimbia. Alileta beseni la kufulia, maji ya vuguvugu, si ya moto, maana kazini alifundishwa kwamba ngozi iliyoganda haitaki moto. Bagula alikalishwa kwenye kochi lililosukumwa ukutani, katikati ya waombolezaji wasio na msiba. Alliance alipiga magoti, akavua soksi ya kulia, akavua ya kushoto. Vidole vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyekanyaga unga. Akaviingiza majini kimoja kimoja, na Bagula akang’ata mdomo.

“Inauma?”

“Inarudi.”

Aliinamisha kichwa, akaendelea kumwagia maji kwa kiganja. Alisema kwa sauti ya kwake na yeye tu. “Ndiyo.”

“Ndiyo nini?”

“Kile uliniuliza ile siku. Watume wazee wako.”

Miguu ya Bagula ilisimama ndani ya beseni. Alimtazama tu, na Alliance alijua kwamba kioo cha simu, kwa miezi saba yote, kilikuwa kinamwibia nusu ya yale macho.

“Nimesikia,” alisema Papa Nshombo kutoka juu yao, shavu moja limenyolewa na jingine bado. “Munaongea kama siko. Mimi si marehemu.”

“Samahani, mzee,” alisema Bagula, akitaka kusimama ndani ya beseni.

“Kaa. Wazee wako waje mwezi wa pili. Waje wenyewe. Nisione kichwa ya mutu kwenye simu ananiambia yeye ni baba mukubwa yako.” Akasita. “Na waambie wavae viatu.”

Bagula aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake ili awaite wazee saa ile ile. Kabla hajagusa kioo, alikuta Mama Nabintu amesimama mbele yake na sufuria, anafungua kitenge cha mfuniko. Mama alilitazama fundo moja lililolegea kwenye kitenge. Akamtazama Alliance.

Bagula akaweka simu yake ndani.

Shangazi Emérence alifuata akinung’unika, kisha Mama Mirindi, kisha wanawake wote sita, sufuria ikajaa kama siku ya harusi. Maharage ya msiba yakapashwa moto, bugali ikasongwa kwenye masufuria waliyokuja nayo waombolezaji, na watu kumi na watatu wakala chini kwenye magodoro, wakipigana vikumbo, bila mtu hata mmoja kupiga picha.

Saa moja jioni ilipofika, mkono wa Alliance ulienda wenyewe, kwa mazoea, kutafuta kile unachokishika saa hizo. Ukakikuta kimekaa kando yake, kina joto, kimevaa soksi za papa.